Mashamba ya Mkonge ya Korogwe na Watu Walioitwa kwa Namba

Mbele ya mji wa Unguja kipo kisiwa kidogo, jina lake Changuu, na wageni hukiita Kisiwa cha Gereza. Mashua huwachukua watu kwenda kukitazama, na kiongozi huwaonyesha kuta za kale, na kobe wakubwa ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Lakini khabari ya gereza lile yachekesha kidogo. Alilijenga Sir Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa Sultani, katika miaka ya 1893 na 1894, wala halikupata kutiwa mfungwa hata mmoja. Likageuzwa kuwa mahali pa kuwatenga wasafiri waliodhaniwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Basi wageni hutoa fedha zao kwenda kuona gereza lisilokuwa na wafungwa.

Sisi wa Korogwe na Handeni tunayo kinyume chake. Tunayo mashamba ya mkonge, kama Magunga, Ngombezi na Hale, ambayo hayakuitwa gereza hata siku moja. Lakini kwa muda wa miaka mingi mtu aliyeandikishwa kazi humo, akaondoka bila ruhusa, aliweza kufungwa kwa sheria. Msafiri apitaye barabara ya Segera kwenda Moshi huiona mistari ile iliyonyoka, husifu uzuri wake, kisha hupita. Nataka kueleza alivyopaswa kuambiwa kama angalisimama.

Mkonge si mmea wa kwetu. Asili yake ni nchi ya Meksiko. Mwaka 1893 Mdachi mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Njiani mingi ilikufa, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka ule ule Wadachi walianza kujenga reli kutoka Tanga, na mwaka 1902 ikafika Korogwe. Reli ilipokwisha kupita, ardhi ya kando yake ikapata thamani, na wenye mashamba wakaja.

Lakini mkonge haujikati wenyewe. Mkataji hukata jani kwa jani, huondoa mwiba wa ncha, hufunga matita ya majani thelathini thelathini, na maji ya jani humwasha ngozi. Tena majani hayawezi kungoja. Yakikatwa sharti yapelekwe upesi kwenye mashine, iitwayo korona, yasagwe na kuoshwa ipatikane katani. Kwa hiyo shamba la mkonge lahitaji watu wengi, na lawahitaji kila siku. Nao watu wa nchi hii, Wazigua, Wabondei na Washambaa, walikuwa na makonde yao. Mzigua mwenye mahindi ya kuuza hakuona sababu ya kuliacha konde lake apate kulima la mwingine. Wazungu wengi waliandika kuwa huo ni uvivu. Mimi naona ni hesabu nzuri.

Basi zikatafutwa njia za kumsukuma. Tangu 1898 ilitozwa kodi ya nyumba, na asiyeweza kuilipa alifanyizwa kazi. Katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya sasa, Wadachi walitoa kadi kabla ya vita ya 1914: kila mwanamume alipaswa kufanya kazi kwa Mzungu siku thelathini katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa, na asiyetimiza alipelekwa kazi za serikali. Juu ya hayo kilikuwako kiboko. Amri ya mwaka 1896 ilisema mapigo yasipite ishirini na matano kwa mara moja, na wazee wetu waliikariri hesabu hiyo hata Wadachi wenyewe wakaitwa kwa jina la hamsa ishirini. Na wafungwa waliotembea wamefungwa mnyororo mmoja shingoni walikuwa jambo la kuonekana kila siku kwenye boma.

Waingereza walipotwaa nchi, mambo mengi yalilainika, si haki kukataa. Mwaka 1922 utumwa ulikomeshwa kwa sheria. Lakini mwaka uliofuata, 1923, ikatoka Sheria ya Mabwana na Watumishi, na humo mtumishi aliyevunja mkataba na kutoroka hakuhesabiwa kama mtu aliyevunja ahadi ya biashara. Alihesabiwa kuwa mkosaji, wa kutozwa faini au kutiwa jela. Duka likikosa kukuletea nguo ulizolipia, utamdai mwenye duka. Mkata mkonge akikosa kurudi shambani, askari alimfuata. Hapo ndipo shamba na gereza vilipopakana, na mpaka wake ulikuwa kikaratasi, yaani kipande. Kilikuwa na nafasi thelathini, na kila siku ya kazi iliyotimizwa ilitiwa alama. Zikijaa thelathini, ndipo mtu alipopata mshahara wa mwezi.

Kwa kuwa watu wa karibu hawakutosha, wenye mashamba waliwatafuta wa mbali: Wanyamwezi na Wasukuma, kisha Waha, Wafipa, Wabena, Wangoni, na watu wa Ruanda na Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao ya kuandika watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kila aliyeandikwa alipewa namba, na kwa namba hizo wote wakaitwa manamba. Wakati wa vita ya pili, Wajapani walipokwisha kuzitwaa Ufilipino na Java, zilikotoka nyuzi nyingi za kamba, serikali iliandikisha watu hata kwa nguvu, na baadhi yao waliletwa kwenye mkonge.

Sasa tazameni mfano wa mbali. Kisiwa cha Tasmania, huko Australia, Waingereza walikifanya mahali pa kupeleka wahalifu wao, tangu 1803 hata 1853. Wengi waligawiwa kwa wenye mashamba, wakafanya kazi kwa chakula na nguo bila mshahara. Mashamba mawili ya ukoo wa Archer, Brickendon na Woolmers, yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2010, na wageni huongozwa kuona ghala na karakana za wafungwa wale. Lakini lililo kubwa zaidi, naona mimi, ni daftari. Serikali iliandika khabari za kila mfungwa: jina, kosa, merikebu aliyokuja nayo, hata rangi ya macho. Kitukuu akitaka kumjua babu yake, humwona. Mwizi wa kondoo wa Uingereza amebaki na jina lake. Mtu wa Ufipa asiyeiba kitu amebaki namba.

Wako wazee watakaonipinga, na wana haki. Husema kuwa walikuja kwa hiari yao, wakanunua baiskeli, wakaoa, wakajenga. Husema pia ya kuwa taabu ilikuja baadaye, bei ilipoanguka: mwaka 1964 nchi ilitoa tani 230,000 hivi za katani, mwaka 1967 mashamba mengi yakatwaliwa na serikali, nyuzi za viwandani zikaushinda mkonge sokoni, na mwishoni mwa miaka ya 1990 tani zilikuwa 20,000 tu au karibu yake. Hayo nayo kiongozi ayaseme. Ila asianze kwenye nyumba ya meneja na veranda yake, kama ilivyo desturi ya matembezi ya namna hii. Aanze kambini, apite korona, na nyumba ya meneja iwe ya mwisho, kama muda umebaki.

Katika madaftari ya shule zetu za Korogwe yamo majina ya Kiha, ya Kibena na ya Kingoni. Mwalimu akimwuliza mtoto babu zake walifikaje huku, jibu mara nyingi ni neno moja tu: manamba. Maswali yanayofuata, yaani alitoka kijiji gani, alipanda gari la moshi wapi, alikata mkonge shamba gani, na mama yake alimpa jina gani, huwa hajui. Nyanya yake pengine ajua. Walioandikishwa kabla ya 1961 ni wazee sana sasa. Walimu wenzangu, tuwapeleke watoto wakawaulize mwaka huu, wakiwa na kalamu.