Mwalimu wa Hesabu Aliyeung'oa Ufalme

Kila Kombe la Dunia likija, mtaani kwetu bendera za Brazil hujaa kila kona. Yale maandishi ya katikati, Ordem e Progresso, maana yake ni utaratibu na maendeleo. Ni wazo la Mfaransa Auguste Comte, na mmoja wa waliolipeleka jeshini ni mwalimu wa hesabu: Benjamin Constant Botelho de Magalhães.

Jamaa alikuwa afisa wa jeshi, lakini silaha yake hasa ilikuwa chaki. Alipigana vita vya Paraguay akarudi mgonjwa, akaongoza shule ya watoto wasioona jijini Rio de Janeiro, na kuanzia 1872 akafundisha chuo cha kijeshi cha Praia Vermelha. Pamoja na hesabu aliwapa vijana falsafa ya Comte: enzi ya wafalme inapita, na hata majeshi siku moja yatakosa kazi, kwa sababu vita vitakwisha. Vijana walimpenda kupindukia.

Mwaka 1887 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Klabu ya Wanajeshi, iliyomwomba binti mfalme Isabel asilitumie jeshi kuwasaka watumwa waliotoroka. Utumwa ulifutwa 13 Mei 1888. Wenye mashamba wakaununia ufalme; wanajeshi nao walishachoka kudharauliwa.

Usiku wa 9 Novemba 1889, wakubwa wa serikali walikuwa kwenye dansi kisiwani Ilha Fiscal. Usiku huohuo Benjamin aliongoza kikao cha klabu, akapewa ruhusa ya kutafuta suluhisho. Siku 6 baadaye Deodoro da Fonseca, mwanajeshi aliyemheshimu mfalme, aliinuka kitandani akiwa mgonjwa akaongoza askari. Pedro II akaenda uhamishoni. Aristides Lobo, mwenyewe mpenda jamhuri, aliandika kwamba watu walitazama wameduwaa, wengi wakidhani ni gwaride.

Hapo ndipo mimi hukwama. Aliyefundisha kwamba majeshi yatakwisha ndiye aliyelifungulia jeshi mlango wa ikulu. Marais wawili wa kwanza, Deodoro na Floriano Peixoto, walikuwa wanajeshi. Benjamin akawa waziri wa vita, kisha wa elimu, akafariki Januari 1891. Hakuiona 1964, jeshi liliporudi madarakani na kukaa miaka 21.

Siku hizi nikiona vijana wenzangu mtandaoni wakishangilia mapinduzi, ati jeshi litasafisha nchi kisha lirudi kambini, namkumbuka mwalimu huyu. Nia yake ilikuwa njema, sina shaka. Lakini darasa lake lilijaa askari, na raia waliambiwa baada ya kengele kulia.