Nyama ya Darini: Moshi Katika Historia ya Jiko la Gusii

Huku Gusii jua si la kutegemewa. Mji wa Kisii uko kwenye kimo cha mita zipatazo 1,700, vilima vya Nyamira vinapanda zaidi ya hapo, na mvua ya mwaka hupita milimita 1,500. Jirani zetu Waluo, wanaoishi chini kwenye joto la ziwa, hukata nyama vipande vyembamba na kuianika juani mpaka iwe aliya. Ukijaribu hivyo Ekerenyo au Manga, utaanika asubuhi kukiwa kweupe, saa nane mvua itakukuta, na kesho yake nzi watakuwa wamekushinda. Wazee wetu walilielewa hilo mapema. Wimbi waliliachia jua. Nyama wakaikabidhi moshi.

Naandika juu ya moshi huo kwa sababu tunausahau haraka mno. Mwaka huu nimebanika mbavu kwa moshi nyumbani kwa mara ya kwanza, na vijana waliokuja kutazama waliniuliza kama nimejifunza Marekani. Nilijifunza jikoni kwa magokoro, mama yake baba, ambaye ni mzee kuliko barabara ya lami inayopita karibu na boma letu.

Nyumba aliyoolewa ndani yake ilikuwa ya mviringo: kuta za fito na udongo, paa la nyasi. Mafiga matatu yalikaa upande wa mama mwenye nyumba, na juu yake palikuwa na dari ya fito. Moshi haukuwa na bomba la kutokea. Ulipanda, ukazunguka darini, kisha ukajipenyeza taratibu kwenye nyasi. Njiani ulifukuza wadudu wa paa, ukalinda mbegu za wimbi zisiliwe na fukusi, ukakausha kuni za kesho na kuhifadhi nyama iliyoning'inizwa kwa kamba. Nilipomuuliza magokoro kamba ilikaa kimo gani, aliinuka, akanyoosha mkono juu ya moto wake, akafungua kiganja na kutulia. "Hapa," akasema. "Kiganja kikikimbia, nyama inaiva nje na ndani inaoza. Kisiposikia kitu, unalisha panya."

Kipimo hicho ni sahihi kabisa. Joto la chini huondoa maji taratibu bila kuunguza ngozi ya juu, na viini vya moshi hushika kwenye nyama, vikazuia vijidudu kuzaana na mafuta kuchacha. Magokoro hakufundishwa hayo darasani. Aliyapokea kwa mama mkwe wake, naye kwa wake.

Tukumbuke kwamba nyama haikuwa chakula cha kila siku. Ng'ombe alikuwa mahari, akiba na heshima ya ukoo, hachinjwi kwa hamu ya mchuzi. Alipochinjwa, iwe ni kwa enyangi, yaani sherehe kuu ya ndoa, au kwa matanga au tambiko, nyama ilikuja nyingi kwa siku moja, kisha ukafuata muda mrefu wa mboga na maziwa. Mbavu zililiwa kwanza, kwa kuwa nyama iliyoshikamana na mfupa ndiyo huwahi kuharibika. Mnofu ndio uliopanda darini, ukawa unapunguzwa kidogo kidogo na kuchemshwa pamoja na mboga.

Dari hiyo ilitegemea mifugo, na mifugo ililindwa katika ebisarate, kambi ambako vijana wa kiume walilala na ng'ombe kuwakinga dhidi ya wavamizi. Kisha wakaja Waingereza. Mwaka 1905 walituma kikosi cha kuwaadhibu Abagusii, na mwaka 1907 wakaweka kituo Getembe, panapoitwa leo mji wa Kisii. Januari 1908, kijana Otenyo, akichochewa na mwaguzi Moraa, alimchoma mkuki ofisa wao Northcote. Northcote alipona. Kwa kulipiza kisasi, Gusii ilichomewa nyumba, watu wakauawa, na ng'ombe kwa maelfu wakaswagwa. Hata Winston Churchill, aliyekuwa na cheo katika wizara ya makoloni kule London, alilalamikia umwagaji damu ule. Miaka michache baadaye serikali ilivunja ebisarate. Vitabu vya historia hueleza habari za mikuki na bunduki. Mimi nikisoma habari hizo naziona pia dari tupu, na mama anayewasha moto usio na kitu cha kukausha.

Mabadiliko mengine yalikuja kwa upole zaidi. Wakatoliki walianzisha misheni Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakafuata Nyanchwa mwaka 1912, na nyumba za mabati zikawa alama ya maendeleo. Katika miaka ya 1930 Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza Kenya ambako Mwafrika aliruhusiwa kulima kahawa. Chai ikaja baadaye. Malisho yakawa mashamba, mashamba yakagawanywa kwa wana na wajukuu, na ng'ombe wa kundi wakabaki wawili wa maziwa. Nyama ikaanza kununuliwa buchari kwa kilo na kuliwa siku ileile. Jiko likahamia nje, moshi ukapata pa kutokea, na macho na mapafu ya mama zetu yakapata nafuu. Kwa hilo nashukuru, na sitaki yeyote arudi kupikia ndani ya moshi. Lakini pamoja na moshi tulitupa ujuzi.

Binamu yangu anaishi Minnesota, ambako Wakisii ni wengi, na ndiye aliyenitumia picha za mbavu za kubanikwa alizoonja huko. Ustadi huo asili yake ni kusini mwa Marekani, na ulijengwa kwa sehemu kubwa na mikono ya Waafrika waliokuwa watumwa, waliokesha wakichunga makaa ya mabwana wao. Huko hupendwa mbavu za nguruwe. Kwetu sisi Waadventista nguruwe haliwi, kwa hiyo nilichukua mbavu za mbuzi, nikazilaza usiku kucha kwenye chumvi, tangawizi na ndimu.

Nilitumia pipa la chuma lililotobolewa chini, makaa machache, na wavu juu. Kuni zilikuwa matawi ya kahawa tuliyopogoa na vipande vya mpera, vyote vikavu. Mkaratusi, uliojaa kila mpaka wa shamba Nyamira, niliuepuka, maana mafuta yake huifanya nyama iwe chungu. Mbao zilizopakwa rangi au dawa zisikaribie moto wa chakula kamwe. Magokoro aliletewa kiti, akanyoosha mkono juu ya pipa, akaniambia nipunguze makaa. Moshi ulipokuwa mweupe mzito alinikataza kuweka nyama; ulipobaki mwembamba wa samawati akakubali. Kufikia alasiri mbavu zilikuwa na rangi ya udongo mwekundu, nyama imerudi nyuma na kuacha ncha za mifupa wazi. Ilikuwa Ijumaa, siku ya maandalio, na kesho yake baada ya kanisa tulizila na obokima bwa wimbi, yaani ugali wa wimbi, na mboga za chinsaga, bila mtu kuwasha moto siku ya Sabato.

Msimamo wangu ni huu: Abagusii walikuwa na elimu ya nyama na moshi kabla hatujaona pipa la chuma, na wenye elimu hiyo walikuwa wanawake. Makumbusho yetu yamejaa mikuki ya wanaume. Kipimo cha kiganja hakijaandikwa popote nilipotafuta. Walioishi chini ya dari za nyasi wamebaki wachache, na kila msimu tunawazika. Kama una nyanya Bomachoge, Nyaribari, Kitutu au Mugirango, nenda umuulize walivyokausha nyama, kwa kuni zipi na kwa siku ngapi. Chukua daftari. Andika anachosema, kisha uwashe moto akiwa bado yupo wa kukusahihisha.