Kitu Kichungu Kabla ya Chakula

Kwetu ukimwalika mtu nyumbani, umejifunga kumlisha. Na si kumlisha tu: ashibe, akatae, umwongezee. Ndiyo maana wengi wa rika langu, sisi wa chumba kimoja na mtungi wa gesi wa kilo sita, tumeacha kualika watu kabisa. Tunakutana nje, kila mtu alipe chake, halafu tunalalamika kwamba jiji limetufanya wapweke.

Waitaliano wana dawa ya shida hii, na jina lake ni aperitivo: kinywaji chepesi na vitafunio vichache, jioni, kabla ya chakula. Siku hizi naifanya kwangu kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo historia naisoma bila mtihani, na hii imenipeleka mbali kuliko nilivyotarajia.

Neno lenyewe linatoka kwa Kilatini, aperire, yaani kufungua. Kinachofunguliwa ni tumbo. Wazee wa Ulaya waliamini kwamba kitu kichungu huamsha njaa, wakaloweka mitishamba kwenye divai kama dawa. Mwaka 1786, mjini Turin, Antonio Benedetto Carpano alianza kuuza divai tamu iliyotiwa mitishamba na viungo. Ikaitwa vermuti, kutokana na jina la Kijerumani la mmea ambao wengi wetu tuliukuta kwenye Biblia: pakanga. Naam, ile ya Ufunuo, nyota iliyoanguka na kuyatia maji uchungu. Hapa kwetu kila nyanya ana muarubaini wake. Turin waliutia wao sukari, wakauweka kwenye chupa na kuuuza dukani.

Mwaka 1860 Gaspare Campari akatengeneza kinywaji chake chekundu na kichungu huko Novara, kisha akahamia Milan na kufungua mkahawa ndani ya Galleria Vittorio Emanuele II, jumba la maduka lililofunguliwa 1867. Mwaka 1915 mwanawe Davide akafungua baa ya Camparino papo hapo, mkabala na kanisa kuu, ikiwa na mabomba ya kupandisha maji baridi ya soda kutoka chini ya sakafu. Milan ilikuwa inageuka mji wa benki, ofisi na viwanda. Kati ya kazi na chakula cha usiku kukazaliwa saa moja hivi ambayo haikuwa ya bosi wala ya familia.

Lakini saa hiyo ilikuwa ya nani? Huwezi kupumzika baada ya kazi kama kazi haina mwisho. Kwenye mashamba ya mpunga ya Vercelli, kati ya Turin na Milan, wanawake walipalilia wakiwa wameinama, miguu majini. Iliwabidi wagome, na ni 1906 ndipo wakapata siku ya kazi ya saa nane.

Na kuna mkono mwingine ndani ya glasi ile, wa hapa karibu. Mapishi ya makampuni ni siri, lakini karafuu ni kiungo cha kawaida cha vermuti, na kufikia mwisho wa karne ya 19 karafuu nyingi ya dunia ilitoka Unguja na Pemba. Mikarafuu hiyo ilipandwa na kuchumwa na watumwa. Utumwa haukufutwa kisheria Zanzibar hadi 1897. Kwa hivyo mtu akiniambia aperitivo ni mambo ya wazungu, namwambia aulize kwanza nani alichuma.

Sasa, jinsi ya kuifanya. Waalike watu saa kumi na mbili, na uwaambie mapema kwamba saa mbili mnaachana. Hilo ndilo linalokuokoa: hakuna anayetarajia ugali. Kinywaji kiwe kichungu, kisiwe kikali, na barafu iwe nyingi. Vitafunio viwe vya chumvi na vya kuliwa kwa mkono. Zeituni ni ghali, basi weka karanga, korosho ukizipata, bajia za mama wa hapo chini. Usipike. Ukianza kupika umerudi kule kule.

Wasiokunywa pombe hawaachwi nje. Italia yenyewe ina Crodino, kinywaji kichungu kisicho na kileo, tangu miaka ya 1960. Mimi humimina Krest juu ya barafu na kipande cha chungwa. Uchungu wa soda za aina hiyo hutoka kwa kwinini, dawa ileile ambayo serikali ya Italia, kwa sheria ya 1900, iliiuza kwenye maduka ya tumbaku ili wakulima wasiendelee kufa kwa malaria.

Sisi wa vibarua vya kuandika hatuna kengele ya kutoka kazini. Mteja anatuma ujumbe saa moja usiku akitaka marekebisho ya haraka, na sote tunajua tukichelewa atamtafuta mwingine. Wale wanawake wa Vercelli walikuwa na chama na mgomo. Mimi nina sufuria. Mgeni akiingia anaweka simu yake humo, juu ya yangu, kisha nafunika.