Nani Aliuponya Udongo wa Shinyanga?

Mwaka 1986, katika mkoa mzima wa Shinyanga, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ngitili zilizorekodiwa zilikuwa hekta zipatazo 600 tu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Mkoa uliokuwa ukiitwa jangwa la Tanzania ulikuwa na nyasi tena, na migunga, na ndege, na kuni karibu na nyumbani. Badiliko hilo lilitoka wapi? Tunauliza kwa sababu mengi tunayosomeshwa hapa Uingereza kuhusu udongo wa Afrika huanza na mkulima anayeharibu na kuishia na mtaalamu anayeokoa. Historia ya Tanzania haikubali kupangwa hivyo.

Tuanze na neno lenyewe. Ngitili ni neno la Kisukuma. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, ili nyasi ziote bila kuguswa. Kiangazi kikikolea, malisho ya kawaida yakiisha, ngitili hufunguliwa kidogo kidogo. Wanaotangulia kuingia ni wale wasioweza kwenda mbali: ndama, ng'ombe wazee, na maksai watakaovuta jembe mvua zikirudi. Kuna ngitili za familia na kuna za kijiji kizima. Kwa hiyo, kabla ya mradi wowote kufika, Wasukuma walikuwa na njia yao ya kuipumzisha ardhi.

Walikuwa pia na elimu ya udongo. Udongo wa kichanga wa sehemu za juu, karibu na miamba, huitwa luseni. Ule mgumu unaoshikamana kama sakafu huitwa ibambasi. Udongo mweusi wa bondeni, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, ni mbuga. Mkulima akitaja jina, ametaja pia zao linalofaa na jembe litakavyopita. Miaka ya 1930, mwanasayansi wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, alizunguka Afrika Mashariki akipima udongo. Mwaka 1935 alipendekeza neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, katena, kueleza jinsi aina za udongo zinavyofuatana kutoka kilimani hadi bondeni, kwa kuwa maji ya mvua hukwangua juu na kulundika chini. Wazo hilo linafundishwa hadi leo katika vyuo vya dunia nzima, na Usukuma ni mojawapo ya mifano yake inayojulikana sana. Majina ya Kisukuma nayo yalikwisha kuupanga udongo uleule, kilima hadi bonde, hata kama hayakuandikwa katika jarida lolote.

Basi ardhi hiyo iliharibikaje? Sababu hazikuja siku moja. Chini ya utawala wa Waingereza, serikali ilipambana na mbung'o, mdudu anayeleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Charles Swynnerton aliongoza utafiti huo, na Shinyanga ikawa makao yake. Njia kuu ilikuwa kufyeka vichaka ambavyo mbung'o hujificha, na watu walikusanywa kupitia watemi wao kuifanya kazi hiyo. Mbung'o walipungua, ng'ombe wakaongezeka, lakini miti ilikuwa imekwenda. Ikaja pamba, na mashamba yakapanuka. Kila familia ilihitaji kuni, boma la mifugo na shamba jipya. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, uliokuja na amri nyingi: punguzeni mifugo, limeni matuta ya namna hii, msilime pale. Watemi walitakiwa kuzisimamia amri hizo, na watu wakawachukia kwa sababu yake. Katika miaka ya 1950 upinzani dhidi ya kanuni hizo ulikuwa sehemu ya siasa zilizoelekea uhuru.

Uhuru ulipopatikana, amri hazikuisha. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji karibu na kila mtu. Lakini aliyehamishwa aliiacha ngitili yake mbali, bila mlinzi, na ngitili isiyo na mlinzi ni malisho ya kila mpita njia. Hivyo ndivyo zilivyobaki hekta 600.

Kabla ya kurudi Shinyanga, tutazame sehemu mbili nyingine ambako serikali ilijaribu kuponya udongo.

Ya kwanza ni Uluguru, karibu na Morogoro. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchonga matuta ya ngazi kwenye miteremko ya milima yao. Katika vitabu, ngazi huzuia mmomonyoko. Katika milima yenye udongo mwembamba, kuchonga ngazi huufukia udongo wa juu wenye mboji na kuuleta juu ule wa chini usio na rutuba. Mkulima alitoa jasho lake, kisha akavuna kidogo kuliko mwanzo. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika kupinga, ghasia zikazuka, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Mpango ukaachwa. Mtu akiusoma mkasa huu juujuu, atadhani Waluguru walikataa kuitunza ardhi. Walikataa kuiharibu kwa amri.

Ya pili ni Kondoa, katika mkoa wa Dodoma, nchi ya Warangi, ambako makorongo yalikuwa yamekula mashamba na njia. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, kwa msaada wa Sweden. Makinga maji yalichimbwa, miti ikapandwa, lakini ng'ombe waliendelea kupita. Mwaka 1979 ukachukuliwa uamuzi mkali: mifugo yote iondolewe katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa makumi ya maelfu wakatolewa.

Hapa hatuna budi kusema kweli: nyasi zilirudi. Miteremko iliyokuwa uchi ikafunikwa, na watu wakaanza kulima tena katika mchanga uliotulia mabondeni. Atakayedai kwamba amri haiwezi kamwe kuponya udongo, Kondoa itamsuta. Lakini gharama ililipwa na nani? Familia zilizoondolewa mifugo zilikosa maziwa, samadi na akiba yao ya siku ya shida, na ng'ombe waliohamishwa walikwenda kula ardhi ya mahali pengine. Ilichukua takriban miaka kumi kabla ya ng'ombe wachache kuruhusiwa kurudi, wakifugwa ndani na kuletewa majani.

Sasa turudi Shinyanga. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986 kwa msaada wa Norway. Mwanzoni ulikwenda kama miradi mingine: vitalu, miche ya miti ya kigeni, na mafunzo ya kuipanda. Baadaye maofisa walianza kuuliza wenyeji wanataka miti ipi na ardhi yao waliitunzaje zamani. Jibu lilikuwa ngitili.

Kisayansi, jibu hilo lilikuwa na maana. Udongo ulio wazi hupigwa na matone ya mvua mpaka uso wake unafunga kama saruji. Maji hayaingii tena, hutiririka na kuondoka na rutuba. Eneo likifungwa, nyasi huyavunja nguvu matone. Mizizi na mchwa hufungua vijia vya maji. Majani yanayooza huwa mboji, na mboji hushika unyevu. Tena miti mingi ya Shinyanga haikuwa imekufa. Visiki vyake vilikuwa hai chini ya ardhi, kila mwaka vikitoa machipukizi na kila mwaka machipukizi yakiliwa. Vilihitaji kuachwa tu. Mti uliochipua kutoka kisiki chenye mizizi mirefu hukimbia kuliko mche wa kitaluni, na hauhitaji kumwagiliwa.

Lakini nani angezuia ng'ombe wasiingie? Kazi hiyo ilifanywa na mabaraza ya jadi, dagashida, yaliyoweka sheria, na sungusungu waliozisimamia. Aliyeingiza mifugo ndani ya ngitili alitozwa faini na majirani zake mwenyewe. Mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Tusiipambe picha hii kupita kiasi. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi hupata ngitili kubwa, na asiye na kitu hukodi majani au hutegemea ya kijiji. Watu wanaongezeka, ardhi haiongezeki. Sungusungu nao wana historia yao, na si yote ya kusifiwa. Ngitili inaweza kupotea tena, kama ilivyopotea mara ya kwanza.

Hata hivyo, tukiziweka Uluguru, Kondoa na Shinyanga pamoja, tunaona kwamba sayansi ilikuwapo kote. Kote walikuwapo wataalamu waliojua mmomonyoko ni nini. Uluguru hawakuuliza, wakashindwa. Kondoa hawakuuliza, wakafaulu kwa mfuko wa mtu mwingine. Shinyanga waliuliza, ingawa kwa kuchelewa, na wenyeji wakaubeba mradi wenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika historia ya udongo wa Tanzania wageni walikuja wengi, na mwenyeji alianza kupona pale alipoulizwa anaumwa wapi.

Kwetu sisi tulio mbali, neno luseni au ibambasi laweza kuonekana dogo. Lakini ndani yake mna vipimo vya vizazi vingi: maji hukaa wapi, mtama huota wapi, ng'ombe wasipite wapi. Neno la namna hiyo likifa, mtafiti wa kesho atahitaji miaka na fedha kugundua lililokwisha kujulikana. Kwa hiyo tunapendekeza chama chetu kianze daftari. Kila mwanachama mwenye bibi, babu, shangazi au mjomba aliyewahi kushika jembe, awe wa Shinyanga, Kondoa, Pemba au Kisii, ampigie simu na kumwuliza: udongo wa shambani kwenu mliuitaje, na mliupumzishaje? Toleo lijalo tutayachapisha majibu, kwa maneno yao wenyewe.