Doa la Mchuzi Ukutani

Ukiwa shabiki wa Everton, ule muziki wa filimbi na ngoma uliokuwa ukipigwa timu ikiingia Goodison Park unaujua. Mimi nimeusikia miaka mingi kwenye kibanda umiza hapa Mjimwema nikidhani ni wimbo wa klabu tu. Kumbe ni muziki wa tamthilia ya polisi! Inaitwa Z-Cars, na BBC walianza kuirusha tarehe 2 Januari 1962.

Kabla yake Waingereza walikuwa na Dixon of Dock Green, ya tangu 1955. Dixon alikuwa konstebo mpole, mtu mzima, anayesimama mbele ya kamera na kuwasalimia watazamaji kama mjomba aliyekuja kutembea. Mwandishi Troy Kennedy Martin hakumwamini. Inasimuliwa kwamba alikuwa amelala anaumwa matubwitubwi, akawa anasikiliza mawasiliano ya redio ya polisi ili kupoteza muda. Aliyoyasikia hayakufanana hata kidogo na ya Dixon.

Basi wakaenda Lancashire, wakazunguka na askari kwenye magari ya doria. Mji wao wa kubuni, Newtown, waliuchora kutokana na Kirkby, mahali walikohamishiwa watu wa mitaa iliyosongamana ya Liverpool. Vipindi vingi vya mwanzo vilirushwa laivu, yaani mwigizaji akisahau maneno, nchi nzima inamwona. Magari yenyewe, Ford Zephyr, mara nyingi yalikuwa yamesimama tu studio huku picha ya barabara ikikimbia nyuma yake. Kwa hiyo uhalisia waliousifu watu haukuwa kwenye magari.

Ulikuwa kwenye doa. Katika kipindi cha kwanza tunaingia nyumbani kwa konstebo Bob Steele. Mke wake ana jicho jeusi, na ukutani kuna doa la mchuzi wa nyama na viazi. Wamegombana, chakula kimeruka, na aliyempiga ni yeye Steele. Kisha huyohuyo anavaa sare na kwenda kulinda amani ya watu wengine. Mkuu wa polisi wa Lancashire, Eric St Johnston, ambaye vijana wake ndio waliosaidia kazi hiyo, alisafiri mpaka London kutaka tamthilia isimamishwe. Haikusimamishwa, ila shukrani kwa jeshi lake ziliondolewa kwenye majina ya mwisho. Kennedy Martin naye hakukaa sana. Aliona polisi wanaanza kuwa mashujaa tena, akaondoka, akarudi 1978 kuandika kipindi cha mwisho kabisa.

Sasa mimi na nyinyi tuliolelewa na riwaya za upelelezi za Kiswahili, tujiulize. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla ana kiko na akili nyingi, lakini si polisi. Willy Gamba wa Musiba ni jasusi. Joram Kiango wa Mtobwa anafanya mambo yake mwenyewe. Katalambulla alitupa Inspekta Wingo katika Simu ya Kifo, 1965, na huyo angalau ni mwajiriwa wa serikali. Lakini konstebo wa kawaida, mwenye zamu ya usiku na deni dukani, nani amemweka katikati ya hadithi? Kwenye filamu zetu ndio kabisa: anatokea dakika za mwisho, pingu mkononi, hata jina hana.

Nasema hivi kwa sababu nina muswada wa riwaya ya polisi uliokwama. Askari wangu kila akiingia ukurasani anageuka kuwa mla rushwa au malaika, hakuna katikati. Na wala siwezi kujitetea kwamba sijawahi kumwona askari wa kweli. Nimekua jirani na mmoja, sasa amestaafu. Utotoni nilikuwa namwona asubuhi akitoka zamu, anakaa kwenye kigoda nje na viatu bado mguuni, haongei na mtu.

Wiki iliyopita nilimfuata. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Mzee, usiku wote ule ukiwa lindo ulikuwa unawaza nini? Majambazi?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Majambazi gani, mwanangu? Nilikuwa nawaza kama mbolea ya mahindi itatosha."

Nimeifuta sura ya kwanza yote. Ya pili bado naitazama.