Dawa ya jino si kung'oa pekee: Magonjwa ya kinywa na tiba zake

MSEMO kwamba dawa ya jino ni kung'oa umewapotezea watu wengi meno ambayo yangeokolewa. Jino haliozi kwa siku moja. Ugonjwa hupiga hatua moja baada ya nyingine, mara nyingi kwa miezi au miaka, na kila hatua ina tiba yake. Anayefika kliniki mapema huzibwa jino, anayechelewa hung'olewa.

Kwa sababu hiyo, mwanafunzi wa udaktari wa meno hufunzwa kutambua ugonjwa umefika wapi kabla ya kushika koleo. Mgonjwa naye akizijua hatua hizo, atajua wakati ambapo hafai kungoja.

Muundo wa jino

Mtoto huwa na meno 20 ya utotoni. Mtu mzima huwa na 32, yakiwemo magego manne ya mwisho ambayo baadhi ya watu hawayaoti kamwe. Tabaka la nje la jino ni enameli, sehemu ngumu kuliko nyingine yoyote mwilini. Chini yake mna dentini, iliyo laini zaidi, na katikati mna kiini chenye neva na mishipa ya damu.

Madaktari huyataja meno kwa tarakimu mbili. Ya kwanza huonyesha robo ya kinywa, kuanzia juu kulia kwa mgonjwa. Ya pili huhesabu meno kutoka katikati kuelekea nyuma. Hivyo, jino 36 ni gego kubwa la kwanza la chini, upande wa kushoto. Gego hilo huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha. Wazazi wengi hulidhania kuwa la utotoni na kuliacha lioze, wakitarajia kwamba litaota jingine. Haliotі jingine.

Kuoza kwa meno

Bakteria wanaoishi katika ukoga hula sukari na kutoa asidi inayoyeyusha madini ya enameli. Mate hupunguza makali ya asidi hiyo na kuyarejesha madini, lakini kazi hiyo huhitaji muda. Ndiyo maana anayeionja onja soda moja mchana kutwa huyaumiza meno yake kuliko anayeimaliza mara moja wakati wa mlo.

Dalili ya kwanza ni doa jeupe lisilong'aa. Katika hatua hii hakuna shimo wala maumivu, na ugonjwa unaweza kurudishwa nyuma kwa kupunguza sukari na kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutiliwa kiasi cha punje ya mchele tu. Inafaa kutema povu bila kusukutua kwa maji, ili floraidi ibaki menoni. Mwaka wa 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu.

Enameli ikitoboka, jino halijizibi lenyewe. Daktari huondoa sehemu iliyooza kwa kekee ya umeme au vifaa vya mkono, kisha huziba kwa utomvu wenye rangi ya jino au kwa saruji maalumu inayotoa floraidi. Mchanganyiko wa fedha na zebaki uliotumika kwa zaidi ya karne moja unaendelea kuachwa, kufuatia Mkataba wa Minamata wa mwaka wa 2013 kuhusu zebaki.

Maumivu na maana yake

Jino likishtuka kwa maji baridi na kutulia mara moja, kwa kawaida kiini chake kingali kinaweza kuokolewa. Lakini maumivu yakidumu baada ya baridi au moto kuondoka, au yakimwamsha mtu usiku bila sababu, kiini kimeumia kiasi cha kutopona. Hapo kuziba peke yake hakutoshi.

Tiba inayoliokoa jino la aina hiyo ni ile ya mzizi. Daktari hulitia jino ganzi, hutoa kiini kilichoathirika, husafisha mifereji ya mizizi kwa tupa nyembamba na dawa ya kuua viini, kisha huijaza na kuifunga. Gego lililotibiwa hivyo mara nyingi huhitaji kuvikwa kofia gumu lisije likapasuka.

Hatari kubwa huja maumivu yanapokoma yenyewe. Wengi hushukuru wakidhani wamepona, kumbe kiini kimekufa. Bakteria hushuka hadi kwenye ncha ya mzizi na kufanya jipu ndani ya mfupa. Kumeza tembe za antibiotiki zilizonunuliwa dukani hakumalizi tatizo, kwa kuwa damu haifiki tena ndani ya jino lililokufa ili kupeleka dawa. Sharti chanzo kiondolewe: ama kwa kutibu mzizi, ama kwa kung'oa jino, na usaha utolewe.

Uvimbe ukienea chini ya taya au shingoni, ulimi ukiinuliwa, au mgonjwa akishindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Maambukizi ya namna hiyo yanaweza kuziba njia ya hewa na kuua.

Kung'oa jino

Kung'oa hubaki kuwa tiba halali kwa jino lililoharibika kupita kiasi. Kabla ya kuchomwa sindano ya ganzi, mgonjwa amweleze daktari kama ana kisukari, shinikizo la damu au ujauzito, na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Baada ya jino kutoka, mgonjwa hung'ata pamba au shashi kwa karibu nusu saa. Kwa saa 24 asisukutue, asivute sigara, wala asitumie mrija, maana donge la damu lililoziba pengo ndilo linalolinda mfupa. Maumivu makali yakizuka siku chache baadaye, huenda donge limetoka; arejee kliniki.

Ugonjwa wa fizi

Fizi zenye afya hazitoki damu. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka wa 2015 nchini Kenya uligundua kuwa zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 waliopimwa walikuwa na fizi zinazotoka damu. Chanzo kikuu ni ukoga. Ukiachwa, hukauka na kuwa mgumu kama jiwe, na mswaki hauwezi tena kuuondoa.

Anayeona damu hukosea akiacha kupiga mswaki. Usafi ndio unaoponya uvimbe huo. Ugonjwa ukizama hadi kwenye mfupa, hasara hairudi: fizi hushuka na meno hulegea. Watumiaji wa tumbaku na wagonjwa wa kisukari wamo hatarini zaidi. Ukoga uliokauka hukwanguliwa kwa vyombo maalumu. Baadhi ya watu huamini kuwa kukwangua hulegeza meno. Ukweli ni kwamba ukoga ulikuwa ukifunika hasara iliyokwisha kutokea.

Yasiyofaa kupuuzwa

Meno ya kahawia ya wakazi wengi wa Nakuru na maeneo mengine ya Bonde la Ufa si machafu wala si lazima yawe yameoza. Yalipata floraidi kupita kiasi kutoka kwa maji ya miamba ya volkano yalipokuwa yakiundwa utotoni. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na WHO katika maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita.

Katika baadhi ya jamii za Afrika Mashariki, fizi za mtoto mchanga anayeharisha hukatwa ili kutoa kile kinachoitwa "meno ya plastiki". Vitu hivyo ni vichipukizi vya chonge zake. Kuvitoa hakuzuii kuharisha, bali huweza kumletea maambukizi, kumvujisha damu hadi kufa na kuharibu meno ya ukubwani. Mtoto huyo anahitaji maji ya chumvi na sukari ya kliniki, na kunyonyeshwa.

Hali kadhalika, kidonda au doa jeupe au jekundu kinywani lisilopona kwa wiki mbili lichunguzwe, hata kama haliumi, kwa kuwa saratani ya kinywa huanza kimyakimya.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa jino ambalo haliumi bado, ufa huo huonekana tu kinywa kinapokaguliwa.