Chaguo la Pili: Ubishi wa Wapigakura Ndani ya Chama, kutoka Iowa hadi Chimwaga

Desemba 2022 Rais Joe Biden aliandika barua akiitaka kamati ya kanuni ya chama cha Democratic iachane na kokasi, yaani mikutano ya jioni ambamo wanachama wa mtaa hukusanyika kumchuja mgombea urais wao. Hoja zake zilikuwa nzito. Kokasi humlazimisha mtu kuchagua hadharani, hula muda mrefu, na huwaumiza wafanyakazi wanaolipwa kwa saa. Februari 2023 Kamati ya Taifa ya chama ikapitisha ratiba mpya. South Carolina ikatangulizwa, na Iowa, iliyokuwa ikifungua pazia tangu 1972, ikaondolewa mbele. Mwaka 2024 Wademocrat wa Iowa walipiga kura kwa posta.

Malalamiko hayo nayakubali karibu yote. Ninachokipinga ni imani iliyojificha nyuma yake, kwamba kilichofutwa ni njia mbovu ya kuhesabu kura na si kitu kingine. Kokasi ilikuwa pia mahali pekee katika siasa za Marekani ambapo ubishi wa wapigakura wa kawaida kuhusu wagombea wa chama kimoja ulikuwa na nafasi ndani ya kanuni, ukaacha alama inayohesabika. Chama kimeondoa njia ya kuhesabu, na ubishi umeondoka pamoja nayo, bila mtu kuuliza kama hivyo viwili vingeweza kutenganishwa.

Kwamba wananchi wajadiliane kabla ya kuchagua, hakuna anayebisha. Tangu mwanafalsafa Habermas wazo hilo limekuwa dibaji ya kila andiko la demokrasia. Ugomvi unaanza tunapouliza kama mjadala hubadili lolote. Jane Mansbridge, alipochunguza mikutano ya wanakijiji wa Vermont katika kitabu chake cha 1980, aliona wengi wakinyamaza kwa kuogopa kukwaruzana na majirani. Diana Mutz, mwaka 2006, akaenda mbali zaidi: anayesikia mara kwa mara maoni yanayopingana na yake huwa mvumilivu, lakini hushiriki siasa kwa uchache, kwa kuwa hataki kuharibu mahusiano. Kutokana na hapo wapo wanaohitimisha kwamba mjadala wa wapigakura ni ndoto ya wanafalsafa. Takwimu za Mutz sizikatai. Nakataa jinsi zinavyobebeshwa mzigo usio wao. Anapima mazungumzo yanayovuka mipaka ya kambi, ambapo kukubali hoja ya mwenzako ni kukana ulivyo. Wafuasi wawili wa chama kimoja hawako hapo. Wameshakubaliana kuhusu wanayemtaka atoke Ikulu. Wanabishana kuhusu atakayemtoa. Anayehama kutoka kwa mgombea mmoja hadi mwingine hajamsaliti mtu. Ndiyo maana mchujo ndio uwanja sahihi wa kuuliza kama hoja inaweza kumhamisha mtu, na ndiyo maana nashangaa kuona watafiti wachache sana wameutumia hivyo. David Redlawsk, Caroline Tolbert na Todd Donovan, waliotetea Iowa katika kitabu chao cha 2011, walijali zaidi athari ya jimbo hilo kwa majimbo yanayofuata kuliko kilichotokea kati ya kona na kona ndani ya ukumbi.

Kanuni za 2020 zilikuwa hivi. Saa moja jioni wanachama wanaingia katika ukumbi wa shule, kanisa au maktaba. Kila mgombea ana kona yake na nahodha wake, mkazi wa palepale. Watu wanasimama au kuketi penye mgombea wao, wanahesabiwa. Katika vituo vingi kundi lisilofikisha asilimia 15 ya waliohudhuria linavunjika, na waliokuwamo wana hiari: wajiunge na kundi lililovuka, waungane na wanyonge wenzao ili wavuke pamoja, au waende nyumbani. Hapo ndipo ukumbi unapochangamka. Manahodha wanavuka sakafu kuwafuata wasio na kundi, na mwalimu mstaafu anajikuta akimweleza jirani yake wa miaka mingi kwa nini bima ya afya ya huyu inatekelezeka na ya yule haitekelezeki. Kila mtu ana kadi yenye pande mbili. Upande mmoja anaandika chaguo la kwanza, na upande wa pili, ikibidi, la mwisho. Anatia saini.

Dunia inaukumbuka usiku wa tarehe 3 Februari 2020 kwa programu ya simu iliyokwama na matokeo yaliyochelewa kwa siku kadhaa. Aibu ile ilistahili kusemwa, lakini imewafanya wachambuzi wapite bila kutazama hazina iliyokuja nayo. Kwa mara ya kwanza chama kilichapisha hesabu ya mwanzo na hesabu ya mwisho, kituo kwa kituo.

Katika hesabu ya mwanzo Bernie Sanders alikuwa na watu 43,581, Pete Buttigieg 37,572, Elizabeth Warren 32,589, Joe Biden 26,291 na Amy Klobuchar 22,454. Baada ya watu kuhama, Sanders alifika 45,652, Buttigieg 43,209 na Warren 34,909. Biden alishuka hadi 23,605 na Klobuchar hadi 21,100. Buttigieg peke yake aliongeza zaidi ya watu 5,600, wakati Sanders, aliyeanza akiongoza kwa watu elfu sita, aliongeza kama 2,000 tu. Mwanya kati yao ukabaki chini ya 2,500, na katika hesabu ya wajumbe wa jimbo Buttigieg akampita kwa unywele. Tofauti hizi ni za jumla tu. Mtu aliyetoka kwa Biden akaenda kwa Klobuchar katika kituo kimoja, na mwingine aliyefanya kinyume chake katika kituo cha pili, wanafutana na hawaonekani. Kwa hiyo miendo halisi ilikuwa mingi kuliko inavyosomeka hapa.

Pingamizi la kwanza ni dhahiri: watu hawa hawakushawishiwa, walisukumwa na kanuni. Aliyekuwa katika kundi lililovuka kizingiti hakuruhusiwa kuhama hata kama angetaka, na aliyekuwa katika kundi dogo hakuwa na budi. Kweli. Lakini kanuni ilimwambia mtu achague tena. Haikumwambia aende wapi. Ingekuwa ni msukumo mtupu, tungetarajia waliovunjiwa kundi wagawanyike kulingana na ukubwa wa makundi yaliyobaki, na Sanders ndiye angepata fungu kubwa kuliko wote. Haikuwa hivyo. Wapo watakaosema ni ujirani wa sera tu, kwamba watu wa Biden na Klobuchar walikuwa wa mrengo wa kati na Buttigieg alikuwa mtu wa kati. Maelezo hayo yanafaa hadi unapofika kwa Andrew Yang. Alianza na watu takriban 8,900 na kumaliza na wasiofika 1,800, na wafuasi wake, waliovutwa na pendekezo lake la kumpa kila mtu mzima dola 1,000 kwa mwezi, hawakuwa na jirani wa wazi katika kinyang'anyiro kile. Watu elfu saba wa namna hiyo walilazimika kuamua wakiwa wamezungukwa na majirani waliokuwa wakiwabembeleza. Siwezi kuthibitisha kilichosemwa katika kila ukumbi. Ila anayedai kwamba maneno hayakufanya kazi yoyote anatakiwa atupe maelezo mengine ya walikokwenda.

Pingamizi la pili linaniuma zaidi. Siku ileile, adhuhuri, katika jengo la chama cha wafanyakazi mjini Ottumwa, ilifanyika kokasi ya pembeni kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha nyama ya nguruwe ambao jioni wangekuwa zamu. Wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Ethiopia. Walifika wapigakura 15; 14 walisimama kwa Sanders. Watu wale walikuwa wamepata nafasi ambayo kokasi ya jioni ingewanyima, na hilo linathibitisha barua ya Biden kuliko takwimu yoyote. Lakini pia hapakuwa na cha kubishania chumbani mle. Ukiwatenganisha wapigakura kwa zamu, kazi na lugha ili kila mmoja apate nafasi, unapata ushiriki na unapoteza mgongano wa hoja. Bei hiyo inaweza kustahili kulipwa. Iandikwe tu katika hesabu.

Msomaji wa Kenya ameshanitangulia hadi pingamizi la tatu. Kusimama nyuma ya mgombea hadharani anakujua kwa jina la mlolongo, na hana hamu nako. Mwaka 1988 KANU iliwapanga wanachama wake mistari nyuma ya wagombea ubunge au mawakala wao. Aliyevuka asilimia 70 alipita bila kurudi kwenye kura ya siri. Mistari mifupi ilitangazwa kuwa mirefu. Viongozi wa makanisa, akina Askofu Henry Okullu na Askofu Alexander Muge, walipinga kwa sauti kubwa, na Desemba 1990, baada ya kamati iliyoongozwa na George Saitoti kuzunguka nchi kukusanya maoni, KANU yenyewe iliutupa utaratibu huo. Je, ninatetea mlolongo wa Wazungu?

Hapana, na sababu haiko katika Uzungu wao. Mwaka 1988 chama kilikuwa ndicho dola. Anayesimamia hesabu alikuwa ofisa wa utawala anayeweza kukunyima leseni au kiwanja, na mstari ulipotawanyika ushahidi wote ulitawanyika nao. Hakuna kadi, hakuna saini, hakuna cha kuhesabu upya. Na mlolongo haukuwa na mzunguko wa pili. Ulimwuliza mtu utii wake mara moja, ukamwandika, basi. Hapakuwa na dakika ambayo jirani angekuja kukuomba uhame. Uwazi wa 1988 ulikuwa wa kumwonyesha mkubwa nani yuko wapi. Hata hivyo sitaki kujidanganya kuhusu Iowa. Mke aliyesimama kona tofauti na ya mumewe, au kibarua aliyekuwa ukumbi mmoja na mwajiri wake, alikuwa na la kuogopa, na saini kwenye kadi haikumkinga. Kwa hiyo kuhusu siri ya kura Biden ana haki, na Wakenya walikuwa na haki kabla yake.

Kinachobaki kutetewa ni chaguo la pili, na ushahidi bora wa kwamba halihitaji uwazi uko Dodoma. Julai 1995, katika ukumbi wa Chimwaga, wajumbe wa Mkutano Mkuu wa CCM waliwapigia kura ya siri wagombea watatu. Jakaya Kikwete alipata 534, Benjamin Mkapa 459 na Cleopa Msuya 336. Hakuna aliyefikisha nusu. Katika mzunguko wa pili Mkapa alipata 686 na Kikwete 639. Kura za Mkapa ziliongezeka 227, za Kikwete 105. Wajumbe wa Msuya waliulizwa lile swali la Iowa, kama wako hayumo unamtaka nani, wakajibu kwa karatasi isiyo na jina. Najua watasema kivuli cha Mwalimu Nyerere, aliyemtaka Mkapa, kilikuwa ukumbini, na kilikuwapo. Lakini kivuli hicho hakikuwazuia wajumbe 639 kumpigia Kikwete hadi mwisho. Aliyeongoza mzunguko wa kwanza akashindwa wa pili hakuhama chama. Miaka kumi baadaye alikuwa Rais.

Ulinganishe na 2015. Walirudisha fomu za kuwania urais kupitia CCM makada 38, na kila mmoja alitakiwa kupata wadhamini 450 kutoka mikoa 15. Kwa wiki kadhaa nchi nzima ilikuwa kijiwe kimoja. Wanachama walibishana juu ya watia nia kwenye daladala, sokoni na misibani. Edward Lowassa alikusanya wadhamini kwa mamia ya maelfu. Kisha Kamati Kuu ikapunguza orodha hadi watano, naye hakuwamo, na wajumbe watatu wa kamati hiyohiyo wakajitokeza hadharani kupinga. Sihoji hapa kama uamuzi ulikuwa sahihi. Nasema ubishi wote ule wa wanachama haukuwa na mahali pa kuhesabiwa, hata kama chaguo la pili. Kabla ya mwezi kwisha Lowassa alikuwa Chadema, na Oktoba alipata takriban asilimia 40 ya kura za urais, akishindwa na John Magufuli aliyepata asilimia 58.

Wanaoamini kwamba mchujo mkali hukigawa chama wataitumia 2015 kama kielelezo chao, na wataongeza 2016 ya Marekani, ambako mtafiti Brian Schaffner alikadiria kuwa kama asilimia 12 ya waliompigia Sanders kwenye mchujo walimpigia Donald Trump Novemba. Mimi nasoma kinyume. Mwaka 2008, baada ya miezi mitano ya ubishi mkali kati ya kambi za Obama na Clinton, wako walioapa hadharani kwamba hawatampigia Obama, na bado alishinda kwa kura 365 za wajumbe wa uchaguzi. Kinachopasua chama, kwa jinsi ushahidi huu unavyonielekeza, ni ubishi unaowashwa halafu ukanyimwa matokeo.

Njia ya kuhifadhi chaguo la pili bila kumsimamisha mtu hadharani imeshajaribiwa. Mwaka huohuo wa 2020, katika kokasi ya Nevada, karibu watu 75,000 walipiga kura mapema wakiorodhesha wagombea kwa mpangilio wa upendeleo, na kadi zao zikahesabiwa pamoja na za waliofika ukumbini. Alaska, Hawaii, Kansas na Wyoming zilitumia orodha kama hizo katika mchujo wao. Mpigakura anayejua ataulizwa jina la pili ana sababu ya kumsikiliza jirani anayemtetea mwingine, na jirani ana sababu ya kuzungumza naye kwa adabu.

Tangu 1995 Mkutano Mkuu wa CCM haujapiga tena mzunguko wa pili wa kumpata mgombea urais. Mwaka 2005 na 2015 mshindi alipatikana mara moja, na Januari 2025 jina la Rais Samia Suluhu Hassan lilipitishwa bila hatua ya kuchukua fomu. Hatua hiyo ikirudi, mabadiliko ninayoyapendekeza ni madogo. Mwanachama anayemdhamini mtia nia aandike, kwenye karatasi ya pembeni isiyo na jina lake, chaguo lake la kwanza na la pili. Hesabu ifanyike wilayani, mbele ya mawakala wa watia nia wote, na itangazwe kabla Kamati Kuu haijaketi. Kamati ingebaki na madaraka yake yote ya kukata majina, ila ingekata hesabu ikiwa mezani, na wanachama wangekuwa wameiona hesabu hiyohiyo.